Tulinunua Nyumba ya Kupangisha: Haya Ndiyo Yaliyotupata

(Maneno ya kikundi chetu cha akiba mbele ya vikundi jirani, Mombasa)



Mmetuita tuje kueleza habari za mradi wetu wa nyumba. Tulipopata barua yenu tulicheka kidogo, kwa maana barua ilisema tuje tueleze "jinsi tulivyofaulu." Tukaulizana, ni nani aliyewaambia hawa watu ati tumefaulu? Labda mmepita kule Changamwe mkaona ukuta umepakwa rangi na mabati yang'aa. Basi tutawaeleza yote, hata yale tungependa kuyaficha, kwa sababu tumesikia kwamba vikundi vitatu kati yenu vina pesa benki na vinatafuta nyumba ya kununua mwaka huu.

Sisi ni watu kumi na wanne, wanawake tisa na wanaume watano. Kuna anayeuza mahamri na mbaazi, kuna fundi cherehani, kuna mwalimu wa nasari, kuna wawili waliokuwa vibarua bandarini. Na karibu sote ni wapangaji. Hilo tunalitaja mapema, mtaona baadaye kwa nini. Tulianza kuweka akiba Januari 2013, kila mtu Sh. 1,000 kwa mwezi. Kuna miezi ilikuwa ya machozi, lakini kufikia mwisho wa 2017 tulikuwa na Sh. 840,000.

Wazo la nyumba lilitujia vile linavyomjia mtu yeyote anayelipa kodi. Kila tarehe tano unahesabu noti, unazipeleka, na kila mara unajiuliza hizi pesa zaenda wapi. Zaenda kwa mtu aliyenunua nyumba. Basi na sisi tununue. Hekima yetu ilikuwa hiyo tu, hatukuwa na nyingine.

Dalali akatupeleka tukaione. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zile mnazozijua: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na nyuma uani vyumba vinne vilivyoongezwa, choo cha shimo, bafu na mfereji mmoja. Jumla ni vyumba kumi. Kila chumba kodi yake Sh. 2,500. Kumi mara 2,500 ni 25,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 300,000. Mwenyewe alitaka Sh. 1,200,000. Mwenzetu mmoja akapiga hesabu nyuma ya bahasha: miaka minne tu, pesa zetu zimerudi! Tulipiga makofi pale pale barabarani. Ile bahasha bado tunayo, tumeiweka kwenye faili ya kikundi ili tusijisahau.

Pesa hazikutosha. Wenzetu watatu waliokuwa wanachama wa SACCO wakachukua mkopo kwa majina yao, jumla Sh. 500,000, riba asilimia moja kwa mwezi, kulipwa kwa miezi 36. Malipo yakawa karibu Sh. 16,600 kila mwezi. SACCO, kama mjuavyo, haitoi mkopo bila wadhamini. Wanachama wengine wakaweka sahihi. Mmoja wao ni mama mjane aliyekuwa na hisa zake 150,000, pesa alizokuwa akimwekea binti yake. Aliweka sahihi bila kuuliza swali hata moja, kwa sababu alituamini.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Ile nyumba haikuwa na ardhi.

Ninyi wenyeji mwaelewa, lakini naona hapa kuna ndugu waliotoka bara. Kwetu pwani nyumba yaweza kuwa ya mtu mmoja, na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mtu mwingine. Mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya ardhi kila mwezi au kila mwaka. Huu si wizi wala si jambo la jana. Ardhi ya mwambao ilipoanza kuandikishwa kwa sheria ya 1908, sehemu kubwa iliandikwa kwa majina ya watu na koo chache, na wengi waliojenga juu yake wakabaki wapangaji wa ardhi, watoto wao vivyo hivyo. Mitaa mizima imekua hivyo, Majengo, Kisauni, Likoni, Changamwe. Ndiyo maana nyumba ya vyumba kumi hupatikana kwa milioni moja na kitu. Ukitaka nyumba hiyo pamoja na ardhi yake, bei ni nyingine kabisa.

Je, tulijua? Tulijua, na hatukujua. Muuzaji hakutuficha. Alisema, "Ardhi ni ya watu fulani, mwawalipa elfu moja kwa mwezi, basi." Elfu moja ni nini mbele ya elfu ishirini na tano? Lakini hatukuuliza mwenye ardhi ni nani hasa. Hatukuuliza kama yu hai. Hatukuuliza kama amekubali nyumba ibadilishe mikono, wala kama hiyo kodi ya ardhi imelipwa. Tuliandikiana kwa karatasi ya fulskepu kwa mzee wa mtaa, mashahidi wawili, tukanywa soda. Wakili tuliambiwa angetaka kama Sh. 30,000, na tukaona hiyo ni pesa ya kutupa.

Wiki ya pili akaja mtu na kitabu cha risiti. Yeye ndiye aliyekusanya kodi ya ardhi kwa niaba ya mwenye ardhi. Akafungua ukurasa wa nyumba yetu: miaka mitatu haijalipwa. Sh. 36,000. Tukampigia muuzaji simu, akasema deni ni la nyumba na nyumba sasa ni yenu. Tukalipa. Mnaona basi, tuliokoa elfu thelathini za wakili tukatoa thelathini na sita.

Baada ya hapo ikaja mvua ya Mei. Nyumba tulikuwa tumeiona Machi, juani, ikiwa imepakwa chokaa mpya ndani na nje, na dari zimezibwa vizuri kwa mbao laini. Hakuna kati yetu aliyepanda juu kuangalia. Maji yalipoanza kuingia chumba cha nne, fundi akatoboa dari, akaingiza mkono, akatoa boriti moja. Ilivunjika kama biskuti. Mchwa walikuwa wamekula paa lote upande wa kushoto. Akatuambia maneno ambayo tangu siku hiyo tumeyashika: nyumba iliyopakwa chokaa wiki ya kuuzwa, ipande. Panda juu na tochi, gonga boriti, chokoa ukuta chini karibu na sakafu kwa bisibisi. Kama mwenyewe hataki upande, hapo jibu umelipata. Kutengeneza upande ule kulitugharimu Sh. 130,000. Tulikuwa tumebaki na 140,000 baada ya kununua, na 36,000 zilikuwa zimekwenda. Ikabidi kila mtu achange Sh. 2,000 zaidi, na kuna wawili hawakuzungumza nasi mwezi mzima.

Halafu wapangaji. Siku ya kutembezwa vyumba vyote kumi vilikuwa na watu, nguo zimeanikwa uani, watoto wanacheza, sufuria zapiga kelele. Tukafurahi. Mwezi wa kwanza tukaenda kukusanya kodi, saba walilipa. Watatu walitutazama tu. Wawili kumbe ni jamaa za muuzaji, aliwaleta wakae "kidogo" mpaka nyumba iuzwe. Wa tatu, mama mmoja mtulivu wa chumba cha mbele, alisema, "Mimi ni mke wake mdogo. Nyumba hii tulijenga uani pamoja naye, nikibeba maji ya simiti. Mimi hakuna aliyeniuliza."

Ndugu zetu, hapo tulinyamaza. Baadaye wakili alitueleza kwamba mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mke au mume, na hilo limeandikwa katika sheria ya mali ya ndoa ya 2013. Yule mama angeenda kortini tungekuwa na kesi mpaka leo. Hakwenda. Tulikaa naye, tukakaa na wazee wa pande zote mbili, na mwisho mumewe akampa sehemu ya pesa za mauzo, tukamwachia miezi mitatu bila kodi. Alipoondoka alitupa mkono mmoja mmoja. Kusema kweli tuliona haya kuliko tulivyoona afueni.

Hapo bado jambo la amana. Kila mpangaji alikuwa amelipa amana ya mwezi mmoja alipoingia, na pesa hizo alizila muuzaji. Mpangaji anapohama ananidai nani? Anamdai mwenye nyumba wa sasa. Sh. 2,500 mara saba ni 17,500, na tulizilipa zote, mmoja mmoja, kadiri walivyohama. Siku hizi tunasema: siku ya kulipa bei, orodha ya wapangaji iwe mezani, kila mmoja aulizwe mwenyewe, uso kwa uso, muuzaji akiwa mbali, analipa kiasi gani, tangu lini, ameweka amana kiasi gani. Kisha amana zikatwe kwenye bei.

Tuwape hesabu ya mwezi wa kwanza kama ilivyo kwenye kitabu cha mweka hazina. Kodi iliyoingia, 17,500. SACCO, 16,600. Inabaki mia tisa. Kodi ya ardhi, elfu moja. Tayari tunadaiwa mia moja, na hapo choo hakijajaa. Na choo kikajaa. Gari la kunyonya haliingii kwenye kichochoro kile, kwa hivyo ni watu wa kuchimba usiku na ndoo, na bei yao huipangi wewe. Maji vilevile. Mombasa maji yetu yatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, na mfereji wa kwetu hutoa siku mbili kwa wiki ikiwa ni bahati. Mpangaji anavumilia joto, anavumilia panya, lakini nyumba isiyo na maji anahama. Tuliweka tangi. Stima ilikuwa mita moja kwa watu wote, na kila tokeni zikiisha ni ugomvi, nani ana friji, nani anapiga pasi. Tukaweka mita ndogo kila chumba. Hayo yote hayakuwa kwenye bahasha.

Hata hivyo, tusiwatishe sana. Kufikia mwisho wa 2018 vyumba vyote kumi vililipa. Baada ya SACCO, ardhi, maji na Sh. 2,000 za kijana anayetuangalizia ploti, ilikuwa inabaki kama elfu tatu hivi. Tulikuwa tumeanza kutembea tukiinua vichwa.

Hatukufikiria wapangaji wetu wanakula wapi. Changamwe inakula bandarini. Madereva wa malori, taniboi, makanika, vibarua wa maghala, mama wanaowapikia. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilikuwa kimesimamisha kazi hiyo tangu 2013, kwa hivyo mguu mmoja ulikuwa umekatika tayari. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya kwenda Nairobi na bara isafirishwe kwa reli mpya. Mnakumbuka maandamano yaliyokuwa hapa mjini. Amri ilisimamishwa Oktoba mwaka huo huo, lakini malori mengi hayakurudi kama zamani, na ni mpaka Septemba 2022 ndipo Rais mpya alipotangaza shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa. Kwetu wapangaji wanne kati ya kumi walikuwa watu wa malori. Wawili wakahama kabla ya Krismasi. Kisha ukaja ugonjwa wa korona, na Aprili 2020 njia za kuingia na kutoka Mombasa zikafungwa, hoteli zikafungwa. Mwezi wa Mei tulikusanya Sh. 7,500 kutoka nyumba nzima.

SACCO haikujua korona. Barua zilianza kuja, kwanza kwa wakopaji watatu, halafu kwa wadhamini.

Sasa tuwaambie lile tuliloogopa kulisema. Julai 2020 kulikuwa na mpangaji mmoja, kanika, mwenye mke na watoto watatu. Alikuwa na deni la miezi minne, Sh. 10,000. Alikuwa mtu wa adabu, kila tukimwendea anasema, "Wiki ijayo, wazee wangu." Tulifanya mkutano kwa simu usiku. Mmoja wetu akasema, sisi si benki. Mwingine akasema, na mimi pia ninadaiwa kodi ninakoishi. Lakini barua za SACCO zilikuwa mezani. Asubuhi, yeye na mkewe wakiwa wametoka kutafuta vibarua, tukatia kufuli yetu mlangoni. Vitu vyao vilikuwa ndani, pamoja na unga na sufuria. Watoto walikuwa wanacheza uani, wakatuangalia tukifunga.

Watu kumi na wanne ambao karibu wote ni wapangaji. Kati yetu wapo watatu waliowahi kufungiwa milango hivyo hivyo utotoni.

Jioni yule bwana hakutufokea. Alikwenda kwa chifu. Chifu akatuita, akatusomea sheria polepole kama mwalimu anavyowasomea watoto. Kuna sheria ya kuzuia kodi za nyumba, Sura ya 296, na inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh. 2,500 kwa mwezi. Yetu ilikuwa imeingia humo barabara. Chini ya sheria hiyo mpangaji haondolewi bila amri ya baraza la kesi za kodi, na kumsumbua ili aondoke, kama kumfungia, kung'oa mlango au kuezua mabati, ni kosa la jinai. Hata nyumba za kodi kubwa mwenye nyumba hana ruhusa ya kujifanyia sheria. Kuna utaratibu wa notisi na wa korti, na hata kushika vitu vya mpangaji kwa sababu ya deni ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni. Chifu alitwambia, "Mkitoka hapa nendeni mfungue, kisha mrudi tuzungumze deni."

Tulifungua. Walikuwa wamelala usiku ule kwenye ukumbi wetu wenyewe, sakafuni, na wapangaji wengine wamewapa mikeka. Tuliandikiana kwamba atalipa Sh. 500 kila akipata. Alilipa 7,000 mpaka mwaka uliofuata, halafu akapata kazi Mariakani akahama. Elfu tatu zilizobaki tulizifuta. Tangu siku hiyo tuna daftari ya kodi kwa kila chumba, na tuna mfuko wa dharura wa miezi mitatu ya malipo ya mkopo. Huo mfuko ungekuwako Julai 2020, kufuli ingebaki dukani.

Na yule mama mjane? Hisa zake zilifungwa. Binti yake alipata nafasi ya chuo kuanza Machi 2021, mama akaenda SACCO kuomba mkopo wa karo, wakamwambia hisa zako zimeshikilia deni la wenzako. Tulichanga, tukapata nusu ya karo, haikutosha. Binti alikaa nyumbani mwaka mzima akimsaidia mama yake kuuza maandazi stendi. Mkopo tuliumaliza Juni 2022, miezi kumi na tano baada ya wakati wake, na binti akaanza chuo Septemba. Mama yuko nasi hapa leo. Ametukubalia tuyaseme haya, ila amekataa kusimama.

Kuna kodi nyingine hatukuijua, ya serikali. Mwaka 2021 ndipo tulipojua kwamba mapato ya nyumba za kuishi yana kodi yake ya kila mwezi, na hutozwa kwa jumla ya kodi yote unayopokea, hawakutolei gharama ya paa wala choo. Wakati ule ilikuwa asilimia 10. Kwa hivyo katika elfu 25, elfu mbili na nusu ni za serikali, yaani chumba kizima. Kati ya vyumba kumi una tisa tu vya kwako. Tulilipa nyuma pamoja na faini. Tangu Januari 2024 imeshuka kuwa asilimia 7.5, kwetu ni Sh. 1,875 vyumba vikijaa, na inatakiwa kulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Inahusu mapato ya kuanzia Sh. 288,000 kwa mwaka mpaka milioni 15. Iwekeni kwenye bahasha zenu.

Turudi kwa ardhi, maana ndipo kisa kilipo bado. Mwaka 2021 akaja mtu wa pili na kitabu cha risiti. Akasema yule wa kwanza hana haki, ardhi ni ya baba yao wote, na alipwe yeye. Tukauliza, baba yenu yuko wapi? Alifariki 1996. Hati bado ilikuwa kwa jina la marehemu, na mirathi haikuwa imegawanywa. Yaani kwa miaka mitatu tulikuwa tukimlipa mtoto mmoja wa marehemu pesa za warithi saba.

Safari hii tulikwenda kwa wakili. Alifanya jambo moja rahisi: alifanya serchi ya ardhi, akaona jina, akawaandikia warithi wote barua kwamba kodi ya ardhi itawekwa kwake mpaka mirathi ikamilike, na hatutampa mtu mmoja. Walitukasirikia. Lakini hiyo barua, naamini, ndiyo iliyowasukuma kwenda kwa Kadhi. Mirathi yao ilimalizika 2024. Mrithi aliyepata kipande chetu angeweza kumuuzia tajiri wa kujenga ghorofa, na sisi tungepewa notisi ya kubomoa, kwa sababu mpangaji wa ardhi asiye na mkataba hana pa kushika. Alitujia sisi kwanza. Anataka Sh. 700,000 kwa miaka miwili. Tumelipa 300,000, kupitia mawakili wa pande zote mbili, na sahihi ya mke wake ipo. Savea ameweka mawe. Hati yetu haijatoka. Mpaka itoke, tafadhali msiseme tumefaulu.

Wakati wa chai kijana mmoja alituuliza: na tukinunua ploti yenye hati, si taabu zote hizi zimekwisha? Hapana, ni taabu nyingine. Fanyeni serchi wenyewe, siyo ile nakala aliyowaletea dalali, na mrudie tena siku chache kabla ya kumaliza kulipa. Ikiwa ni ardhi ya shamba kuna bodi ya ardhi, na idhini yake iombwe kabla miezi sita haijapita tangu kuandikiana. Wekeni pesa za ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Na msione karatasi mkasahau kufuata historia ya ardhi yenyewe. Mnakumbuka Mavoko, Oktoba 2023: watu walionunua kwa pesa halali, wakajenga mawe, wakabomolewa kwa sababu korti iliamua ardhi si ya waliowauzia. Na msinunue ghorofa kwa sababu ni ndefu. Ile ya Huruma, Nairobi, iliyoanguka Aprili 2016 ikaua watu zaidi ya arobaini, ilikuwa imejaa wapangaji na ilikuwa inaleta kodi kila mwezi.

Mwingine ameuliza, je, mngejua yote haya mngenunua? Hilo tumelibishania sana kwenye basi tukija. Saba walisema ndiyo, saba walisema hapana. Wale saba wa hapana wanasema pesa zile zingekaa SACCO tu zingezaa bila kufungia mtu mlango. Wale wa ndiyo wanasema leo wanne wetu wanaishi kwenye ile nyumba, wanalipa kodi kama wapangaji wengine, na hakuna anayeweza kuwaamsha usiku.

Tumekuja na faili. Kuna ile fulskepu ya 2018, kuna barua za SACCO, risiti za ardhi za watu wawili, mkataba mpya wa wakili, na bahasha. Tutaziweka hapa mezani. Vikundi vile vitatu, njooni mzisome kabla ya giza, na mwenye simu yenye kamera aweza kupiga picha mkataba wa wakili, ila majina ayafunike.